Dawa za sonona: Maudhi hutangulia, nafuu hufuata

Ukimeza dawa ya kutuliza maumivu ya kichwa, ndani ya saa moja unajua kama imekusaidia. Dawa za sonona haziendi hivyo. Katika wiki ya kwanza na ya pili, wagonjwa wengi hawaoni nafuu yoyote. Wanachokiona ni usumbufu mpya: kichefuchefu, usingizi uliopotea, mikono inayotetemeka, mdomo mkavu, au hofu iliyozidi ile waliyokwenda nayo hospitali.

Ni katika wiki hizo ambapo baadhi yao huachana na dawa. Hawarudi kumwambia daktari. Wanaacha tu, pakiti inabaki kabatini, na nyumbani inaonekana kwamba dawa zimemshinda mgonjwa, au kwamba ugonjwa wenyewe si wa hospitali. Sonona inaendelea kumtafuna mama au baba wa familia, na watoto wanaendelea kuishi na mzazi ambaye yupo ila hayupo.

Maudhi mengi ya mwanzo yanajulikana, yana sababu, na huisha yenyewe. Machache ni ya hatari na hayapaswi kusubiriwa hata siku moja. Familia inayojua kutofautisha makundi hayo mawili ina nafasi kubwa ya kumvusha mgonjwa wake salama.

Si kila huzuni inahitaji kidonge

Sonona si huzuni ya siku mbili baada ya ugomvi au msiba. Wataalamu huizungumzia pale mtu anapokuwa na huzuni au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki mbili, huku usingizi, ulaji, nguvu za mwili na uwezo wa kufanya kazi vikiharibika.

Sonona nyepesi mara nyingi hutibiwa kwa ushauri na mazungumzo na mtaalamu bila dawa. Dawa huingia pale hali inapokuwa ya wastani au kali, na hata hapo ushauri huendelea.

Amitriptilini na fluoksetini ni dawa mbili ambazo kwa miaka mingi zimekuwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Amitriptilini ni ya kundi la zamani, na ndiyo inayojulikana zaidi katika vituo vingi vya serikali. Fluoksetini na setralini ni za kundi jipya zaidi, linalofanya kazi hasa kwenye kemikali iitwayo serotonini. Mgonjwa anapaswa kulijua jina la dawa yake, kwa sababu maudhi ya makundi haya mawili hayafanani.

Kwa nini usumbufu unatangulia

Watu wengi wakisikia serotonini wanafikiria ubongo. Kumbe sehemu kubwa ya kemikali hiyo, takriban asilimia 90, iko kwenye utumbo, ambako husaidia kusukuma chakula. Dawa ikianza kuigusa, tumbo ndilo linalolalamika kwanza. Ndiyo maana kichefuchefu na choo laini huja siku za mwanzo kabisa.

Ubongo nao unahitaji muda kuizoea hali mpya. Ni kama mkulima anayemwaga samadi shambani: harufu anaisikia siku hiyo hiyo, mahindi anayaona miezi kadhaa baadaye.

Kwa kawaida maudhi huanza siku chache baada ya kidonge cha kwanza na hupungua kati ya wiki ya pili na ya nne. Nafuu ya moyo huanza kuonekana wiki ya pili hadi ya nne, na inaweza kuchukua wiki sita hadi nane kukamilika. Mara nyingi usingizi na hamu ya kula hurejea kwanza, furaha hufuata nyuma. Mgonjwa anaweza kuwa wa mwisho kuona mabadiliko yake. Mke, mume au mtoto mkubwa ndiye anayetangulia kugundua kwamba leo baba ameamka mwenyewe, au mama ameulizia daftari za shule.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu. Daktari huanza na dozi ndogo kisha huipandisha. Amitriptilini, kwa mfano, mara nyingi huanza na miligramu 25 usiku. Dozi ikiongezwa wiki zinazofuata, haimaanishi kwamba ugonjwa umezidi. Mwili unazoeshwa polepole ili maudhi yasiwe makali. Kila dozi inapopanda, maudhi yanaweza kurudi kwa siku chache.

Maudhi yanayoweza kudhibitiwa nyumbani

Kichefuchefu: Dawa imezwe baada ya kula, hata kama ni uji au kipande cha kiazi. Kula kidogo kidogo mara nyingi kuna unafuu kuliko sahani moja kubwa. Chai ya tangawizi huwasaidia baadhi ya watu.

Usingizi kupotea au kuzidi: Fluoksetini huweza kumfanya mtu akeshe, hivyo kwa kawaida humezwa asubuhi. Amitriptilini huleta usingizi, kwa hiyo humezwa usiku. Anayeamka mzito asubuhi amuulize daktari kama anaweza kuimeza mapema kidogo jioni. Mpaka ajue dawa inamfanyaje, asiendeshe gari wala bodaboda na asifanye kazi na mashine. Mama anayepika huku mtoto mdogo akitambaa karibu na jiko awe na mtu wa kumsaidia siku hizo za mwanzo.

Kichwa kuuma: Parasetamoli kwa kipimo chake inatosha. Asikimbilie diklofenaki, ibuprofeni au aspirini, kwa sababu dawa hizo zikiwa pamoja na fluoksetini au setralini huongeza uwezekano wa kutokwa damu, hasa tumboni.

Mdomo kukauka: Haya ni maudhi ya amitriptilini hasa. Kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa. Soda na pipi za sukari si suluhisho, maana mdomo mkavu huharibu meno haraka. Mswaki asubuhi na usiku usikosekane.

Choo kigumu: Pia ni tatizo la amitriptilini. Maji, mapapai, mboga za majani, maharage na ugali wa dona badala ya sembe husaidia, pamoja na kutembea.

Kizunguzungu wakati wa kuinuka: Amitriptilini hushusha presha mtu anaposimama ghafla. Aamke kwa hatua: aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, ahesabu taratibu mpaka ishirini, ndipo asimame. Kwa bibi na babu hili si jambo dogo. Kuanguka usiku wakienda chooni kunaweza kuvunja nyonga. Taa iwake, na njia isiwe na ndoo wala viti.

Yale ambayo wengi hawaambiwi

Orodha hiyo ya juu mgonjwa anaweza kuelezwa dirishani anapochukua dawa. Kuna maudhi mengine ambayo hayasemwi, ama kwa sababu ya foleni ama kwa sababu ya aibu, na ndiyo yanayoleta mtafaruku nyumbani.

La kwanza ni hofu kuzidi. Mtu amekwenda kutibiwa mawazo na wasiwasi, lakini siku ya tatu moyo unamwenda mbio, hawezi kutulia, anatembea sebuleni huku na huko. Anahisi dawa inamtia wazimu. Kwa wengi hali hii hupoa ndani ya wiki moja au mbili. Hata hivyo haitakiwi kuvumiliwa kimya kimya. Daktari anaweza kupunguza dozi na kuipandisha polepole zaidi. Kama kutotulia ni kukubwa kiasi kwamba mtu hawezi kukaa kitini, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

La pili ni ndoto. Baadhi ya watu wanaotumia dawa hizi huota ndoto nzito, ndefu na zenye picha kali kuliko walivyozoea. Nyingine ni za kutisha. Katika familia ambako ndoto husomwa kama ujumbe, mtu akiota amekimbizwa au ameona ndugu waliofariki, mazungumzo hugeuka haraka kuwa ya majini au ya kulogwa. Kabla ya kufika huko, familia ijiulize swali moja rahisi: ndoto hizi zilianza lini? Kama zilianza wiki ileile ya kidonge cha kwanza, daktari aelezwe. Mara nyingine kubadilisha saa ya kumeza dawa kunatosha. Anayetaka kuombewa aombewe, lakini asiache dawa kwa ajili hiyo.

La tatu ni tendo la ndoa. Dawa za kundi la fluoksetini na setralini huweza kupunguza hamu, kuchelewesha kufika kileleni kwa mwanamume na mwanamke, au kumfanya mwanamume ashindwe kusimamisha. Amitriptilini nayo haijasalimika. Tofauti na kichefuchefu, maudhi haya yanaweza kudumu kwa muda wote wa kutumia dawa.

Hapa ndipo ndoa nyingi zinapotikisika bila sababu ya kweli. Mke anamwona mume anamkwepa na kudhani kuna mwingine nje. Mume anamwona mke hana hamu na kuona amechokwa. Mwenye kumeza dawa naye anaona aibu kusema, kisha anaacha kidonge kimya kimya ili "arudi kama zamani". Matokeo yake ni sonona kurejea, na ugomvi ukiwa palepale.

Wenzi waambiane mapema kwamba jambo hili linaweza kutokea na kwamba chanzo chake ni dawa. Upendo haujapungua. Likitokea, zipo njia. Daktari anaweza kusubiri kidogo, kupunguza dozi, au kubadilisha dawa. Kinachokatazwa ni kwenda mtaani kununua "dawa za nguvu". Nyingi hazijulikani zina nini ndani, na kuzichanganya na dawa za sonona ni kucheza na moyo na presha.

La nne ni ganzi ya hisia. Wapo wanaosema hawahuzuniki tena, ila hawafurahi pia. Mtoto anakuja na ripoti nzuri ya shule, mzazi anatamka hongera lakini ndani haihisi. Mwingine anakwenda msibani na machozi hayatoki, ndugu wanamwona ana moyo wa jiwe. Wakati mwingine hii ni sonona yenyewe ambayo haijaisha, wakati mwingine ni dozi iliyozidi mahitaji. Ni daktari wa kutofautisha, lakini hawezi kama hajaambiwa.

La tano ni uzito. Amitriptilini huongeza hamu ya kula na wapo wanaonenepa. Kupima uzito mara moja kwa mwezi, hata kwenye mizani ya kliniki ya watoto, husaidia kuona mapema kabla nguo hazijabana.

Dalili zisizosubiri

Maudhi yaliyotajwa juu yana nafasi ya kusubiri au kuzungumzwa kwenye kliniki ijayo. Haya yafuatayo hayana. Likionekana mojawapo, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, akiwa na pakiti za dawa zote anazotumia:

- Kuzungumzia kufa, kujiua au kujidhuru, kuaga watu, au kugawa vitu vyake.

- Homa kali, jasho jingi, kutetemeka, misuli kukakamaa na kuchanganyikiwa kwa pamoja. Hii inaweza kuwa dalili ya serotonini kuzidi mwilini, hasa baada ya kuongeza dozi au kuchanganya dawa.

- Kuzimia, maumivu ya kifua, au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio.

- Degedege.

- Uso, midomo au ulimi kuvimba, upele uliosambaa, au kupumua kwa shida.

- Kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami.

- Kushindwa kabisa kukojoa, au jicho kuuma sana na kuona ukungu ghafla, kwa anayetumia amitriptilini.

- Kuchangamka kupita kiasi: mtu halali lakini hachoki, anaongea mfululizo, anatumia fedha ovyo, anajiona ana uwezo mkubwa. Familia inaweza kufurahi ikidhani amepona. Kwa wenye ugonjwa unaoyumbisha hisia kati ya huzuni kali na uchangamfu uliopitiliza, dawa za sonona pekee zinaweza kuamsha hali hiyo.

- Mzee kuchanganyikiwa au kulegea ghafla. Dawa hizi huweza kushusha chumvi ya damu, hasa kwa watu wa umri mkubwa.

Kuhusu la kwanza kwenye orodha, wiki za mwanzo zinahitaji macho zaidi. Nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla matumaini hayajarudi. Mtu aliyekuwa hana nguvu hata ya kuinuka kitandani sasa anazo, huku mawazo ya kufa bado hayajaondoka. Kumuuliza wazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema. Akikubali, asiachwe peke yake mpaka afike kwa mtaalamu.

Kuacha ghafla ni kosa jingine

Dawa za sonona si dawa za kulevya. Hazimfanyi mtu azitamani wala aongeze kipimo kila wiki. Lakini mwili ukishazizoea, kuzikata siku moja huleta kizunguzungu, kichefuchefu, wasiwasi, hasira, kukosa usingizi, na kwa baadhi hisia kama ya kupigwa shoti ya umeme kichwani. Mgonjwa akiona hivyo hudhani ama amekuwa mtumwa wa dawa, ama ugonjwa umerudi.

Namna salama ni kupunguza kidogo kidogo kwa wiki au miezi, kwa ratiba ya daktari. Fluoksetini hukaa mwilini muda mrefu, hivyo kusahau siku moja hakuleti mshtuko mkubwa. Setralini hutoka haraka zaidi. Kwa dawa yoyote, aliyesahau dozi asimeze mbili kwa mpigo kufidia. Saa ya dozi inayofuata ikiwa imekaribia, aiache ile iliyopita na aendelee na ratiba.

Na anayejisikia vizuri asijiondoe mwenyewe kwenye dawa. Miongozo ya WHO inashauri kuendelea kwa miezi kadhaa baada ya dalili kuisha, kwa sababu wanaokatisha mapema hurudiwa kirahisi. Kwa hiyo safari ya sikukuu kijijini ipangwe pamoja na dawa. Vidonge vihesabiwe kabla ya kupanda basi, visije vikaishia njiani.

Vinavyogongana na dawa hizi

Kila anapokwenda zahanati au duka la dawa, hata kwa jino tu, mgonjwa aseme anatumia dawa ya sonona. Tramadoli, dawa ya maumivu makali, inaweza kupandisha serotonini kupita kiasi. Vivyo hivyo linezolidi, inayotumika kutibu kifua kikuu sugu. Baadhi ya dawa za malaria, ikiwamo dawa mseto iliyozoeleka, zikikutana na amitriptilini huweza kugusa mapigo ya moyo. Hii haina maana kwamba mwenye malaria asitibiwe. Maana yake ni kwamba anayemtibu ajue.

Pombe haipatani na dawa hizi. Na amitriptilini huongeza ulevi na usingizi kiasi cha hatari, hasa kwa pombe kali za kienyeji ambazo kipimo chake hakijulikani. Anayetumia mitishamba amwambie daktari bila woga. Wahudumu wamezoea kusikia hilo, na kuficha ndiko kunakoleta madhara.

Mama mjamzito na anayenyonyesha

Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa halisi. Haihusiani na uvivu wala kutompenda mtoto. Mama aliyeandikiwa dawa huogopa kwamba anamlisha mtoto sumu, akaacha dawa au akaacha kunyonyesha. Vyote viwili visifanywe bila ushauri.

Setralini ni miongoni mwa dawa zinazopita kidogo sana kwenye maziwa, na mara nyingi ndiyo huchaguliwa kwa mama anayenyonyesha. Fluoksetini hupita zaidi na hukaa muda mrefu, hivyo daktari anaweza kuikwepa kwa mama mwenye kichanga. Familia imwangalie mtoto: ananyonya vizuri, anaongezeka uzito, analala kupita kawaida, au analia bila kutulizika? Mabadiliko yoyote yapelekwe kliniki.

Mjamzito aliyekuwa akitumia dawa tangu mwanzo naye asikatishe ghafla siku anapogundua mimba. Aende kwa daktari mapema wapime pamoja faida na hatari. Sonona isiyotibiwa nayo humdhuru mama na mtoto aliye tumboni.

Mtoto anapoandikiwa

Kwa watoto walio chini ya miaka 12, miongozo ya WHO kwa vituo visivyo vya kibingwa inasema wasipewe dawa za sonona. Wasaidiwe kwa ushauri na kwa kufanyia kazi mazingira ya nyumbani na shule. Kwa wenye miaka 12 na kuendelea, fluoksetini inaweza kufikiriwa baada ya ushauri pekee kutofua dafu, chini ya uangalizi wa mtaalamu. Mzazi asimpe kijana vidonge vya mtu mzima kwa sababu dalili zinafanana.

Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza dawa zote za sonona ziwekewe onyo kali kuhusu watoto na vijana. Uchambuzi wa majaribio ulionyesha kwamba kati ya watoto na vijana 100 waliopewa dawa, wapatao 4 walipata mawazo au vitendo vya kutaka kujidhuru, dhidi ya 2 kati ya 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Katika majaribio hayo hakuna aliyejiua. Mwaka 2007 onyo likapanuliwa kufikia vijana wa hadi miaka 24.

Takwimu hizo hazisemi kijana mgonjwa aachwe bila matibabu. Zinasema asiachwe bila uangalizi. Kijana anayeanza dawa arudi kliniki mapema na mara kwa mara katika wiki za mwanzo, na nyumbani aangaliwe kama amekuwa mkali ghafla, anajifungia, au halali.

Kazi ya nyumba nzima

Mgonjwa wa sonona huchoka, husahau na hukata tamaa haraka. Kumwachia peke yake jukumu la kuhesabu vidonge na kufuatilia maudhi ni kumtwisha mzigo mkubwa. Mtu mmoja nyumbani, awe mwenza, dada au mama mkwe anayeaminika, ashike kazi hiyo pamoja naye.

Daftari dogo linatosha. Kila siku ziandikwe saa ya dawa, saa za kulala, alichokula, na usumbufu aliouona. Siku ya kliniki, daktari mwenye dakika chache atapata mengi kutoka kwenye ukurasa mmoja kuliko kwenye jibu la "naendelea hivyo hivyo tu".

Dawa ziwekwe juu, kwenye kisanduku chenye kufuli. Amitriptilini ni hatari sana ikizidi kipimo. Vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo, na dozi ya wiki chache inaweza kumuua mtu mzima. Kama mgonjwa ana mawazo ya kujidhuru, anayemsaidia ndiye atunze pakiti na kumpa dozi ya siku, na daktari aombwe atoe dawa za siku chache kwa wakati.

Maneno nayo yana uzito. "Dawa za vichaa" ni kauli inayoweza kumfanya mtu atupe vidonge chooni. Anayemeza dawa ya presha hasemwi, na huyu asisemwe. Watoto waelezwe kwa lugha yao: mama anaumwa, ugonjwa wake unamfanya achoke na kunyamaza, anatumia dawa, na si kosa la mtoto yeyote. Mtoto asiyeambiwa kitu mara nyingi hujihesabia kosa yeye.

Kabla ya kutoka kwa daktari, mgonjwa au ndugu yake aulize: Dawa hii inaitwaje, na imezwe saa ngapi? Maudhi yapi yanatarajiwa, na yataisha lini? Dozi itapandishwa lini? Nikipata shida kabla ya tarehe ya kurudi, nimwone nani au nipige namba gani? Maudhi mazito au yasiyo ya kawaida yanaweza pia kuripotiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), kupitia kituo cha afya au na mgonjwa mwenyewe.

Dawa ya kwanza isipomfaa mtu, hajashindwa. Ikitumiwa kwa kipimo sahihi kwa wiki nne hadi sita bila mabadiliko, au maudhi yake yakizidi faida, daktari hubadilisha na kujaribu nyingine, na wengi hupata inayowafaa. Anachohitaji daktari ni kujua. Kwa hiyo anayeona dawa inamtesa afunge safari ya kliniki kabla ya tarehe yake, akiwa na daftari mkononi, na asisubiri mpaka pakiti iishe.